Rimu Kubwa na Kiti cha Nyuma

Nisikilizeni, majirani zangu, na ninyi mnaopita njia mkasikia sauti yangu. Kisa hiki hakikuletwa na upepo. Kimetokea nyumba ya pili kutoka kwangu, kwa watu tuliokuwa tukiazimana chumvi na kiberiti, na nakisimulia kwa ruhusa ya mke wa nyumba ile, ambaye ni shoga yangu.

Jumapili asubuhi nyumba ile ilikuwa na raha ya kutia wivu. Mume alikuwa kinyozi. Sisi tulimwita Mashine, kwa sababu ile mashine yake ya kunyolea haikumtoka mkononi. Siku hiyo ya mapumziko aliosha gari uani. Mkewe, fundi cherehani, alikaa kizingitini akishona vifungo. Binti yao, wa miaka saba, alijipakia kiti cha nyuma akawa abiria.

"Dereva, shusha hapo kwenye kona!"

"Hapa hatushushi, mama. Askari wapo."

Na bibi, mama mzazi wa Mashine, alikaa kivulini, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya kigoda, umefungwa bendeji safi, akimcheka mjukuu wake mpaka machozi yakamtoka.

Mguu ule ndio uliokuwa mtihani wa nyumba. Bibi alikuwa na kisukari, na kidonda cha unyayoni kilikataa kupona. Ilibidi kisafishwe hospitali mara kwa mara, tena kwa mkono wa mtu aliyesomea. Hospitali iko ng'ambo ya mlima, na mguu wenyewe haukukunjika. Asingeweza kupanda basi. Kwa hiyo mwanawe alimlaza kiti cha nyuma, mto chini ya goti, akampeleka na kumrudisha. Mwanamume yule alimpenda mama yake. Hilo nalisema mapema, msije mkadhani nawasimulia habari za jambazi.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la milango minne, la zamani. Lilitengenezwa kabla mwenyewe hajaota ndevu, lakini injini yake ilikuwa bado na pumzi ya ujana. Mikononi mwake lilikuwa na adabu. Nusu ya wajawazito wa mtaa huu walifikishwa wodini na kiti kile cha nyuma, na mimi ni mmoja wao. Kitinda mimba wangu nusura azaliwe humo, na Mashine akawa ananiambia, "Shemeji, vumilia, kitambaa cha kiti ni kipya!"

Basi, balaa halikubisha hodi. Liliingilia saluni.

Kijana mmoja, mteja wa kila wiki, alimwonyesha picha kwenye simu. Gari la aina ileile, lakini limevalishwa rimu kubwa za kung'aa, tairi zimejaa pomoni ndani ya madigadi, yale mabati yanayofunika tairi, bodi imeshuka karibu ilambe lami.

"Kaka, hili lako lina moyo wa simba," kijana akasema, "lakini limevaa ndala."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mashine naye akacheka, lakini neno lile lilimchoma. Toka siku hiyo hakuwa na lugha nyingine. Chakula mezani, yeye macho kwenye simu, anatazama rimu. Mkewe akimwambia mtoto ana homa, anaitikia "mm." Wanawake wenzangu mnaijua ile "mm."

Akazipata. Aliyemuuzia alichukua rimu za zamani kama sehemu ya malipo, zikaenda na njia yake. Siku ya kuzifunga, fundi wa tairi alizizunguka mara mbili, akatikisa kichwa.

"Kaka, hizi ni pana kuliko gari lako. Mbele zitakwaruza ukikata kona. Nyuma, ukiwa peke yako, sawa. Ukipakia watu, bodi itashuka, na ukingo wa madigadi utakula tairi."

"Si unaugonga ugeukie ndani?"

"Nitaugonga. Ila bati hili la zamani likigongwa linapasuka, linakuwa kama kisu. Na tairi zenyewe ubavuni hazina nyama."

"We funga, bwana. Ninayeendesha ni mimi."

Fundi akafunga. Mashine akamwambia akate na springi, gari lishuke zaidi. Fundi akakata. Kwenye buti Mashine akatoa tairi la akiba, akaweka sanduku la spika, maana gari zuri lisiloimba, kwa maneno yake, ni sawa na bwana harusi bubu.

Lilipendeza, sitasema uongo. Watoto walilikimbilia. Vijana wa saluni walipiga picha wamelala juu ya boneti. Mashine alitembea kifua mbele, ungedhani kapewa cheo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wetu alitia maji na mtungi akauvunja.

Safari ya kwanza ya bibi baada ya hapo haikwenda vizuri. Akalazwa nyuma kama kawaida. Mke wa Mashine akakaa pembeni yake. Gari likashuka. Hawajafika barabara kuu, wakasikia nyuma kitu kinasaga, krrr, krrr, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani. Kila shimo lilipigwa kavu, bila mto wa tairi wala wa springi, na kila pigo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kile kidonda.

"Mwanangu," bibi akauliza, akijaribu mzaha, "gari linaumwa, au tunaumwa wote?"

Mashine akasimamisha, akashuka haraka. Mkewe akadhani anakuja kumtazama mama. Mumewe akapita mlango wa mama, akachutama, akalitazama tairi.

Jioni, waliporudi, akatoa amri: hakuna kukaa nyuma mpaka apate springi nyingine.

"Na mama?" mkewe akauliza.

"Si kwa muda tu? Apande pikipiki. Pikipiki zimejaa tele."

Bibi alipanda pikipiki mara moja. Mguu ulining'inia njia nzima. Aliporudi aliingia chumbani na kugeukia ukutani. Safari iliyofuata alisema anajisikia nafuu, hana haja ya kwenda. Na iliyofuata pia. Jamani, wazazi wetu wana ugonjwa mmoja usio na dawa: wanaona haya kutusumbua. Mwanawe akiuliza, "Mama, mguu vipi?" jibu lilikuwa, "Unaendelea vizuri, baba." Naye alikuwa na haraka ya kuliamini jibu lile.

Shoga yangu alijitahidi kuosha kidonda kwa maji ya chumvi. Akaanza kuja kwangu kuomba udi wa kufukiza chumbani. Mara ya pili nikamuuliza wa nini. Akaufunga udi pindoni mwa kanga, akaondoka. Harufu ya mguu ilikuwa imeanza kupita mlangoni.

Usiku mmoja ugomvi wao ulitufikia mtaa mzima.

"Rudisha zile rimu za zamani!"

"Zilishachukuliwa! Nizitoe wapi?"

"Basi funga hata za mkokoteni! Miguu ya gari umeibadilisha, mguu wa mama yako umekushinda!"

"Usinipandishie sauti! Nasimama kutwa nanyoa vichwa vya watu. Nisiwe na kitu hata kimoja cha kunifurahisha?"

Nilimsikia, na sikumchukia. Kila mtu ana haki ya kufurahi. Lakini furaha yake ilikuwa imekaa mahali pa mgonjwa.

Siku ya siku ilikuwa Jumanne, jua la utosini. Shoga yangu alinijia mbio bila viatu. Bibi alikuwa anaungua homa, midomo imekauka, anamwita mjukuu wake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Tulipiga simu kuita gari la wagonjwa, tukaambiwa limetoka, tusubiri. Mashine akapigiwa. Alimwacha mteja amenyolewa nusu kichwa, akaja mbio. Tukambeba bibi watu wanne, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkwewe. Mtoto akabaki na mimi. Gari likakaa chini kama punda aliyezidiwa mzigo, na kabla halijatoka getini nikasikia, krrr.

Ya barabarani nimeyapata kinywani mwa shoga yangu.

Mashine alianza polepole, akikwepa mashimo. Bibi alikuwa akipumua kwa kukoroma. Halafu mkoromo ukabadilika, ukawa unakatika.

"Baba watoto, kimbiza!"

"Tairi litapasuka!"

"Mama anakufa, wewe unaniambia tairi!"

Akakanyaga mafuta. Gari lilikumbuka kuwa ni la mbio. Harufu ya mpira ikawakaba koo. Kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali kulikuwa na shimo ambalo zamani wangelipita wakicheka. Tairi la nyuma lilipasuka kwa mlio wa bomu. Gari likageuka ubavu, likakwaruza lami, likaupiga ukingo wa mtaro na kusimama. Shoga yangu alivunjika mkono. Bibi alitupwa chini katikati ya viti, juu ya mguu uleule.

Mashine alitoka mbio, akafungua buti, na kukutana na sanduku la spika. Mkewe anasema alisimama pale akilitazama kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akakimbilia katikati ya barabara, mikono juu, akilia kama mtoto, "Mama yangu! Mama yangu yumo humu!" Magari yalimkwepa. Mpaka likaja lori la mikate, na dereva wake akatandika maboksi sakafuni, jua lilikuwa limeinama.

Daktari, binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, alifungua bendeji na kukiinamia kidonda. Kisha akauliza, "Kidonda hiki kilisafishwa lini mara ya mwisho?"

Mashine akageuka kumtazama mkewe.

"Nauliza kwa sababu mngemleta mapema tungeuokoa mguu. Sasa mguu tumeshaukosa. Tunautafuta uhai."

Waliukata juu ya goti. Lakini sumu ilikuwa imeshatangulia kwenye damu.

Bibi alizinduka kidogo. Mashine alikuwa kando ya kitanda cha mama yake, hajala, hajabadilisha nguo. Alikuwa akisubiri neno moja tu, mnalijua neno gani. Bibi akajipapasa kichwa kwa vidole.

"Nywele zangu zimechafuka," akasema. "Nitamwendeaje marehemu baba yako hivi?"

Mwanawe akaenda kuileta mashine yake, akamnyoa taratibu, shuka limetandazwa begani, machozi yakidondoka juu ya zile mvi. Alipomaliza, bibi akafumba macho. Mwanawe akadhani amelala. Ndipo bibi akasema:

"Usimfokee tena mkeo. Chumbani kwangu nilikuwa nasikia kila kitu."

Alfajiri akaaga dunia. Lile neno alilolisubiri mwanawe hakulipata, na halipati tena.

Tulizika. Vijana wa saluni nao walikuja kutoa pole, wakakaa kwenye mkeka, vichwa chini, kwa heshima zote. Walipokuwa wanaondoka, yule mwenye simu alibaki nyuma kidogo. Gari lilikuwa limeburutwa na kuachwa uani, ubavu umebonyea. Akachutama, akapangusa vumbi kwenye rimu kwa kidole gumba.

"Pole sana, kaka, kazi ya Mungu haina makosa," akasema. "Ila hizi tatu nzima... utaziuza?"

Wanawake tuliokuwa jikoni tuliacha kuosha vyombo. Mashine alimsogelea. Nilidhani atamrukia. Hakumrukia.

"Chukua," akasema. "Chukua zote. Sitaki kitu."

Na kijana, wallahi, alirudi na jeki siku ileile. Alizifungua watu wa msiba wakiwa bado wamekaa, na gari likabaki juu ya matofali.

Shoga yangu alikuwa mlangoni na mkono wake kwenye plasta, akitazama mpaka nati ya mwisho. Tulipomaliza msiba, alifunga cherehani yake kwenye shuka, akamshika binti yake, akaenda kwa kaka yake. Nilimsihi. Nikamwambia marehemu mwenyewe aliombea ndoa ile.

"Sijaondoka kwa hasira," akanijibu. "Nampikia vipi mtu ambaye kila nikimtazama nalisikia lile tairi?"

Mashine bado ananyoa. Siku nyingine anafungua saluni, siku nyingine hafungui. Wateja wakizungumza habari za magari, anazima mashine, anatoka nje, anasimama juani mpaka wamalize.

MAFUNZO YA KISA HIKI

Ndugu zangu, sikusema gari lisipambwe. Mwenye nacho na apambe, lakini kwa kipimo cha gari lake na kwa ushauri wa fundi, na fundi akisema hapana, tusimnunue aseme ndiyo. Tairi lisilobeba familia yako si tairi, hata ling'ae vipi.

La pili ni la sifa. Wanaotusifu barabarani hawatatusaidia kumbeba mgonjwa. Watakuja kwenye msiba, watakaa mkekani, na macho yao yatakuwa kwenye rimu.

Na lililo kubwa kuliko yote: mzazi akisema "naendelea vizuri," usikubali kwa masikio. Funua bendeji, utazame kwa macho yako. Na kabla hujakigeuza chombo cha nyumba kuwa pambo lako, angalia kwanza ni nani amekiegemea.