Mtoto Hajui Kugonga

Haya alinihadithia Bi Sikudhani mwenyewe, siku ya pili baada ya mjukuu wake mchanga kutimiza arobaini, tukiwa tunasugua masufuria ya pilau nyuma ya nyumba yake kule Morogoro. Mashine ya kuoshea vyombo anayo, lakini alisema siku hiyo alitaka mikono iwe na kazi.

Mwanawe, Kondo, ndiye yule mpiganaji. Siku mji mzima ulipomjua, alikuwa amekabwa shingo kutoka nyuma na bingwa wa Mwanza, miguu imefungwa, macho yameanza kutoka. Kichwa chake kilikuwa bado kinajiuliza afanye nini. Mwili haukuuliza. Ulizunguka, ukaukamata mkono wa yule bwana, ukaukunja, naye akagonga sakafu mara tatu haraka haraka. Kugonga mara tatu maana yake nimeshindwa, niachie. Mikono ya Kondo ikaachia palepale. Kondo akainuka akishangaa kama watazamaji.

Kilichomwokoa ni utepe-fundi. Ni kitu chembamba kama uzi wa kushonea magunia, kinapachikwa chini ya ngozi, kando ya uti wa mgongo. Ndani yake zimewekwa mbinu za wanamieleka elfu na zaidi, nao unapeleka amri kwenye misuli kabla ubongo haujapata habari. Kondo alikulia kwenye ngumi na mateke. Teke lake la kushoto lilikuwa linaogopwa tangu ana miaka kumi na saba. Sasa alipohamia mapambano ya mchanganyiko, ambako mtu anaruhusiwa kukubeba, kukulaza chini na kukukaba, akawa kama hajawahi kupigana. Walimlaza mara nne, akashindwa mara nne. Kocha akamwambia, "Kujifunza mapambano ya chini ni miaka sita, nawe una ishirini na tisa. Utepe ni asubuhi moja." Akakubali.

Akashinda mapambano kumi na moja.

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika. Mwanaidi, mkewe, alimjia nyuma akiwa anakunywa chai, akamkumbatia shingoni kama alivyozoea. Mwanaidi aliposhtuka yuko chini, kiwiko kimeteguka. Utepe haujui mke. Unajua mkono shingoni tu. Kondo alilia mpaka Mwanaidi mwenye maumivu ndiye akawa anambembeleza.

Basi wote wakajifunza kugonga. Akikubana, unamgonga begani mara tatu, anaachia. Bi Sikudhani naye, na miaka yake sabini, alimgonga mwanawe kila Idi wakikumbatiana. Majirani walitania, "Nyumba ile hata salamu inataka refa." Mwanaidi alicheka nao.

Mwaka wa tano wa utepe akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Tunu. Kondo alimtazama akiwa mlangoni.

"Njoo umshike mwanao," Mwanaidi alimwambia.

"Akinishika shingo?"

"Ana siku mbili, baba Tunu. Atakushika na nini?"

"Vidole anavyo." Akarudi nyuma hatua moja. "Huyu hajui kugonga."

Kwao, siku ya arobaini baba ndiye anayempokea mtoto mlangoni, akamtoa nje aone jua. Siku ya kumi na mbili, Kondo akaenda kwa dakta aliyempachika utepe. Bi Sikudhani akamfuata.

"Kutoka unatoka," dakta alisema. "Ila nikueleze ukweli, bwana Kondo. Tulidhani utepe unaufundisha mwili. Kumbe umekuwa ukifanya kazi badala yako. Hata kikombe cha chai, utepe ndio uliokiinua. Njia zako mwenyewe, za kutoka ubongoni kwenda mikononi, zimeota majani. Nikiutoa, hupigani tena. Na kushika kijiko siahidi."

"Zitarudi?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Labda, mama. Sijui."

"Mbona hamkusema wakati mnaupachika?"

"Hatukujua, mama."

Pambano la mkanda wa Afrika lilikuwa limebakiza wiki tatu. Kondo akamgeukia mama yake. "Nichagulie."

"Nikuchagulie mimi? Nilikuzaa tu, mwanangu."

Kondo akaiangalia mikono yake. Kisha akamwambia dakta, "Utoe."

Ukatolewa. Kondo aliweza kusema, kucheka, na kutembea akishikiliwa. Mikono ililala pale inapowekwa, naye hakuihisi. Siku aliyorudi nyumbani, Mwanaidi alilaza kichwa kifuani pake, akakaa hapo. Alipotaka kuinuka, mkono wake ukamgonga begani mara tatu, kwa mazoea. Hakuna kilichokuwa kimemshika.

Arobaini ikafika. Wanawake wakajaa, vigelegele vikapanda. Kondo akawekwa kitini mlangoni, akapakatishwa mtoto. Mikono ikateleza pembeni kama nguo, na Tunu naye akateleza. Mwanaidi akamdaka. Vigelegele vikakatika.

"Mpeni mjomba wake amtoe," Kondo alisema.

"Mjomba hakumzaa," Bi Sikudhani akajibu. Akavua khanga ya mabegani, akamweka Tunu kifuani kwa baba yake, akazungusha, akafunga fundo mgongoni, barabara, kama tunavyofunga mbeleko.

Mzee mmoja akacheka. "Leo bingwa kabeba mtoto."

Hakuna aliyemfuatisha. Wakamwinua Kondo huku na huku, wakamtoa juani.

Wageni walipoondoka, alasiri, walimlaza mkekani na mtoto wake juu yake. Mwanaidi alijilaza kando yao, Bi Sikudhani akakaa upande wa pili, karibu na ukuta.

"Mama, mikono yangu iko wapi?"

"Wa kulia uko mgongoni kwake. Nimeuweka mimi."

"Nambana?"

"Humbani, baba."

"Nitajuaje?"

"Nitakwambia."

Tunu alikuwa ameshalala. Mwanaidi akafuata, kwa uchovu. Kondo alikaza macho juu, akasema polepole, "Nasikia anavyopumua," halafu naye usingizi ukamchukua. Mkono ukateleza. Bi Sikudhani akaurudisha. Ukateleza tena, akaurudisha tena, safari hii akauwekea wa kwake juu ili usiondoke, akaegemea ukuta, akalala.