Tangazo la Kampene

Kila siku akitoka shule, Elodie alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kutwanga majani ya muhogo ya sombe na kupeleka simu ya mama yake kuchajiwa. Mbili za kwanza alizifanya kwa kununa. Ya tatu aliifanya mbio. Katika mtaa wao wa komuni ya Kasuku, mjini Kindu, umeme ulikuja ulipojisikia, kwa hiyo watu walipeleka simu zao kwenye kibanda chenye jenereta. Elodie alikaa pale kwenye benchi, simu ingali kwenye waya, akaandika hadithi.

Hadithi hiyo aliituma kipande kwa kipande katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzake. Mwanzoni hakuna aliyeijali. Kipande cha kwanza kilikwisha msichana wa hadithi amekula wali, amelala. Kasimu, rafiki yake wa dawati moja, hakumwonea huruma.

"Mutu akishiba na kulala, mimi pia ninalala," alisema. "Kesho nitarudi kusoma nini?"

Maneno hayo yalimchoma, lakini yalimfundisha. Alianza kusoma hadithi za vipande ambazo watu wazima hutuma mtandaoni, akichunguza zinakatwa wapi. Akagundua kwamba mwandishi mjanja haanzi na hatari. Kwanza anakufanya umpende mtu. Kisha anakuonyesha kitu kimoja ambacho mtu huyo hawezi kuishi bila hicho, anakiweka ukingoni, halafu ananyamaza mpaka kesho. Kazi iliyobaki msomaji anaifanya mwenyewe, kwa wasiwasi wake.

Elodie akatafuta mtu wa kupendwa. Hakwenda mbali, alimpata ng'ambo ya ua.

Mama Soudi aliuza mikate ya mchele sokoni. Aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi, ingawa karibu hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona huyo Soudi. Miaka ya vita, risasi zilipolia mjini, Mama Soudi na kaka yake walikimbia kwa njia ya Lokandu. Mama alijitwika gunia la mchele ili wasife njaa msituni. Soudi, mtoto wa miaka minne, alishikwa mkono na mjomba wake. Risasi zikawakuta njiani, watu wakatawanyika. Mjomba alipatikana amekufa. Soudi hakupatikana, hai wala maiti. Mama yake alikataa kumwekea matanga, kwa sababu hakuna aliyeuona mwili. Alichobaki nacho ni kumbukumbu ya kovu kwenye kiwiko cha kushoto, pale mafuta ya mawese yalipomchoma mtoto jikoni.

Haya yote alimsimulia Elodie walipokuwa wakichagua mchele pamoja, maana Elodie alijua kuuliza na kunyamaza. Elodie akayaandika yote. Alibadilisha jina tu: Soudi akawa Abedi.

Basi, hadithi ikashika moto. Wanafunzi waliwaonyesha dada zao, dada wakawaonyesha mama zao, kundi likajaa likafunguliwa lingine. "Abedi iko wapi?" watu waliuliza asubuhi na jioni. Elodie alianza kutembea shingo juu, kama mke wa chifu. Mama yake, Emerance, fundi wa kushona, alimuuliza siku moja kama alimwomba Mama Soudi ruhusa.

"Nilibadilisha jina, Mama," alijibu.

Emerance alikuwa na sare za harusi za kumaliza. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Lakini wasomaji hawashibi. Baada ya muda wakaanza kulalamika kwamba mama wa Abedi analia tu kila siku. Wengine wakatoka kwenye kundi. Elodie aliona kila jina likiondoka, na moyo ukamwenda mbio kama vile ni yeye anayeachwa. Akawaza jambo la kuwashtua wote.

Kindu mtu akipotea au akifiwa, tangazo hupita redioni. Siku hizi hupita pia kwenye simu, kwa sauti. Ukilipokea unalituma mbele papo hapo, bila kuuliza limetoka wapi, kwa kuwa huenda ndugu ya mtu analisubiri. Huo ni ubinadamu wa mji huu. Elodie akamwomba Kasimu, ambaye sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito, asome kipande kipya kama tangazo.

"Tunajulisha jamaa yote ya Kindu," Kasimu akasoma kwenye simu. "Kijana mumoja mwenye kovu ya moto kwenye kiwiko ya kushoto iko Kampene, kwenye machimbo. Alipoteana na mama yake wakati ya vita, njia ya Lokandu. Anatafuta mama yake. Mwenye kusikia, atume kwa wengine."

"Hatusemi ni hadithi?" Kasimu aliuliza alipomaliza.

"Tukisema, nani atashtuka?"

Akatuma. Kundi zima liliwaka. Waliotoka waliomba kurudishwa. Elodie alilala na furaha.

Kesho yake, aliporudi kutoka shule, alikuta wanawake wamejaa uani wakicheka na kufuta machozi. Mlango wa Mama Soudi ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Mungu ni mukubwa, mutoto yangu," Emerance alimwambia, macho yamelowa. "Soudi amepatikana. Mama Soudi, mwenzake wa sokoni amemusikilizisha tangazo kwa simu. Ameacha mikate yote pale pale. Ameenda kuvuka muto mpaka Alunguli, atafute pikipiki ya Kampene."

Elodie alichukua simu, akalifuta tangazo kwenye kundi lake. Halikusaidia kitu, kwani lilikuwa limeshaenda kwenye makundi ambayo hata hakuyajua. Mtu fulani alikuwa ameongeza kwamba kijana ni mgonjwa, mama afanye haraka. Elodie akaandika: "Hii ni hadithi tu, mimi ndiye niliyeitunga." Mtu asiyemjua akamjibu: "Wewe mtoto, usicheze na machozi ya watu. Tangazo ni la kweli, nimelipata kwa shemeji yangu." Akampigia Mama Soudi. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yakitembea mjini na hakuna aliyemhitaji ili yaendelee.

Akamwambia mama yake ukweli wote. Elodie alitazama chini mpaka alipomaliza.

Emerance alifuta machozi. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Vaa kandambili, twende. Na utamuambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia kusema."

Kwenye ukingo wa mto Lualaba kulikuwa na msongamano wa watu wanaosubiri pirogi, mtumbwi wa kuvushia watu. Mama Soudi alikuwa mbele, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Wenzake wa sokoni walikuwa wamemsindikiza kwa vigelegele. Mkononi alishika shati jipya. Hakujua mwanawe amekuwa mkubwa kiasi gani, kwa hiyo alinunua lile kubwa kuliko yote dukani. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya pirogi.

"Mama, usivuke," Elodie alisema, lakini sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Mama Soudi, usivuke. Tangazo ile, ni mimi njo niliiandika. Kasimu njo aliisoma. Ilikuwa kipande ya hadithi. Hakuna mutu Kampene."

Vigelegele vikakatika.

"Na kovu?" Mama Soudi aliuliza polepole. "Kovu mulimuona nayo wapi?"

"Wewe njo uliniambia, Mama. Siku ile tulikuwa tunachagua muchele."

Mwenye pirogi hakuwa amesikia. "Mama, unapanda ao hupandi? Watu wanangoja."

Mama Soudi akautoa mguu. Alitembea hatua chache, akaketi juu ya mzigo wake, akaanza kulikunja shati upya, mkono kwa mkono, kwa uangalifu kama muuzaji dukani. Emerance alipiga magoti mbele yake, akaomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake. Elodie alipiga magoti nyuma ya mama yake. Alitamani achapwe, apigiwe kelele, afanyiwe lolote. Hakuna aliyemgusa. Alimtazama mama yule akikunja shati na hakuwa na kitu cha kumpa, kwani kitu pekee alichokitaka Mama Soudi hakikuwepo mikononi mwa mtu yeyote.

Siku zilizofuata mlango wa ng'ambo ya ua haukufunguliwa kwa watu. Wengine wa sokoni walikuja kubisha, wakaondoka. Katika simu, wasomaji walilia wapewe kipande kinachofuata. Elodie hakuandika. Tangazo nalo liliendelea kurudi. Siku moja lilimfikia tena, limetumwa na mtu wa Kibombo, na chini yake maombi ya kumwombea yule mama.

Hatimaye Mama Soudi alimwita mwenyewe. Alikuwa ameketi kizingitini, amekonda kidogo.

"Tangazo yako ingali inatembea?"

"Inatembea, Mama. Siwezi kuisimamisha."

"Najua. Jana kijana mumoja amenisimamisha njiani kunipongeza." Akasogea, akamwachia nafasi kizingitini. "Basi tutume ingine nyuma yake. Ya kweli. Keti, andika."

Elodie akaketi. Kabla ya kuanza akasema alichokuwa amekibeba siku zote zile. "Unisamehe, Mama. Nilitaka tu watu wangojee."

"Nimekusikia." Mama Soudi alinyoosha miguu yake. "Hata mimi ninapenda hadithi. Kumushikisha mutu roho mpaka kesho si mubaya, njo ufundi ya musimulizi. Wasomaji yako unawafungia mulango, wanakasirika, halafu wanalala. Kesho yake unawafungulia. Mimi nani atanifungulia? Kwa hiyo, mutoto yangu, ukitaka kutumia machozi ya mutu, umuombe ruhusa mbele ya kuandika. Na ya kutunga, useme ni ya kutunga, ili mutu asivae nguo ya safari bure."

"Nimesikia, Mama."

Wakaandika. Safari hii Elodie hakukata popote. Aliandika kwamba tangazo la Kampene lilikuwa la uongo, na kwamba yeye na mwenzake ndio waliolitunga. Aliandika jina la kweli, Soudi, na mahali alipopotea. Aliandika kwamba hakuna aliyemwona tangu siku hiyo, na kwamba mama yake yuko Kasuku, bado anasubiri. Hakuna kilichobaki cha kumfanya msomaji arudi kesho. Alijua wengi hawatarudi, na hilo lilimuuma kidogo bado, kwa sababu alikuwa mtoto na alipenda kusomwa.

Kisha akamsomea Mama Soudi, mstari kwa mstari, asije akakosea tena. Alipofika mahali pale pa njia ya Lokandu, akasoma: "Mjomba wake alimshika mkono, akamvuta, mtoto akilia."

"Hapana," Mama Soudi alimkatiza. "Hakulia. Hiyo uliitia wewe."

"Alikuwa anafanya nini, Mama?"

"Alikuwa anacheka. Alizani tunacheza kukimbizana."

Elodie alifuta neno, akaandika lile lingine. Akamwonyesha Mama Soudi, ambaye aliitikia kwa kichwa, ndipo Elodie akatuma.