Mashine ya Barafu Iliyovishwa Nguo

Nyumbani kwa Bwana Saif, katika Mji wa Kale, kila kifaa kilikuwa na nguo yake. Redio ilikuwa na nguo. Televisheni ilikuwa na nguo. Hata mtungi wa gesi ulivaa kitambaa cheupe chenye maua. Vitambaa hivyo vyote vilifumwa na Bi Mishi, mama yake Saif. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi dirishani, sindano mkononi na donge la uzi mapajani.

Mgeni akimsifu, Bi Mishi alijibu, "Nyumba hii haina vumbi. Litafute, na ukiliona nionyeshe."

Saif alikuwa karani wa ghala huko Shimanzi. Mkewe, Mwanaesha, alitengeneza sharubati ya ukwaju na ya ubuyu kwa shughuli za mtaani. Miezi minne iliyopita, kaka yake Mwanaesha aliwasili kutoka Maskati na zawadi: mashine ndogo ya kutengeneza barafu. Ilikaa juu ya meza ya jikoni, wala haikuunganishwa na bomba. Ulilijaza tangi lake maji, ukaiwasha, na baada ya dakika kumi hivi ikaangusha vipande vya barafu katika kikapu chake cha ndani.

Bi Mishi aliipenda mno. Akaipima kwa shubiri, akafuma wiki tatu. Mashine ikavaa nguo ya buluu, iliyoibana pande zote hadi mezani. Uliachwa wazi mfuniko wa juu tu.

Mwezi wa kwanza barafu ilikuwa nene. Kisha ikawa nyembamba kama kucha. Mwishowe, asubuhi ya Alhamisi, haikutoka kabisa. Taa nyekundu ya kudai maji iliwaka, na tangi lilikuwa limejaa.

Mwanaesha alishika kichwa. Jumamosi kulikuwa na kupamba kwa binti wa jirani. Hiyo ni siku ambayo wanawake hukusanyika kumtazama bibi harusi akiwa amepambwa. Wageni mia moja walitarajiwa, na sharubati yote ilikuwa mikononi mwa Mwanaesha. Hakuwahi kupewa kazi kubwa kama hiyo. Aliahidi mbele ya wanawake wa mtaa mzima kwamba kila mgeni atakunywa kinywaji baridi.

Saif aliporudi kutoka kazini, aliitazama mashine, akatikisa kichwa.

"Nimekwisha kusema na Kazungu, yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Atakuja kesho saa kumi na mkokoteni wake."

"Kuchukua nini?"

"Hii. Kaka yako alidanganywa dukani."

"Baba watoto, hiyo ni zawadi!"

"Zawadi isiyofanya kazi ni mzigo. Nimempa Kazungu neno langu."

"Na mimi je? Sikutoa neno langu kwa watu? Nipe hadi hiyo saa kumi ya kesho."

Mwanaesha akapanda ngazi kwenda kwa mpangaji wa juu, Nekesa. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa kontena za baridi, zile zinazobeba samaki na matunda. Alikuwa amefika tu kutoka kazini, wala hakuwa amevua viatu. Akashuka naye hivyo hivyo, akabisha mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," akaitikia Bi Mishi.

"Shikamoo, Bi Mishi. Masalkheri."

"Marahaba. Masalkheri. Umekula?"

"Nitakula baadaye, mama. Kwanza nimwone mgonjwa."

Saif alimtazama mikononi. "Bisibisi i wapi?"

"Imo mfukoni, Bwana Saif. Huanza maswali, bisibisi hufuata."

"Lo! Leo tumepata daktari wa mashine."

Nekesa akacheka. Akauliza barafu ilianza kupungua lini. Akauliza mashine iliwahi kuanguka au kuhamishwa. Kisha akapitisha kiganja juu ya ile nguo ya buluu, akakiacha hapo kidogo.

"Bwana Saif, weka mkono wako hapa."

Saif akaweka, akauondoa upesi. "Ina moto! Mashine ya barafu yawaje na moto?"

"Hilo ndilo swali la leo," alisema Nekesa. "Maji uliyoyatia yalikuwa na joto. Sasa yanataka kuganda. Lile joto litakwenda wapi?"

Sindano ya Bi Mishi ikasimama. "Hupotea," akasema.

"Halipotei, mama. Mashine hulitoa majini na kulitupa nje. Kuna matundu ubavuni. Feni huvuta hewa upande mmoja, na hewa hutoka upande wa pili imebeba joto. Njia ikizibwa, joto hubaki ndani, na maji hayagandi vizuri."

Wote wakaitazama nguo ya buluu.

"Yaani," Bi Mishi akauliza polepole, "nguo yangu imeiua mashine ya watu?"

"Haijafa, mama. Imekosa pumzi tu. Mimi nikivishwa mablanketi matatu saa saba mchana, kisha niambiwe nibebe magunia pale Makupa, nitafika wapi?"

"Hutafika popote!" Bi Mishi akacheka. Akainuka na kuivua mashine nguo yake kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anayemvua mtoto kanzu.

Nekesa alihakikisha mikono yake ni mikavu, akazima swichi ya ukutani, akachomoa plagi. Ndipo alipoinama kutazama matundu. Yalikuwa yamejaa vumbi na nyuzi za buluu.

"Mama," akasema Saif, "ulisema atakayeona vumbi akuonyeshe."

"Nyamaza wee!"

Nekesa alilisugua vumbi kwa brashi laini na kavu. Kisha wakaisogeza mashine mbali na jiko na ukuta. Kila upande waliacha nafasi ya shubiri moja. Wakaiwasha tena. Feni ikavuma vizuri. Lakini dakika mbili hazikupita, taa nyekundu ikawaka.

Mwanaesha akaketi. "Basi. Kazungu na aichukue."

"Ngoja, dada. Feni imejibu. Sasa tuyaulize maji."

Plagi ikachomolewa tena. Saif akaikumbatia mashine ili ailaze ubavu na kuyamwaga maji.

"Usiilaze!" Nekesa akamzuia. "Ndani mna kompresa, ile inayosukuma gesi. Ina mafuta yake. Ukiilaza, mafuta huenda pasipo pake. Ikitokea imelazwa, isimamishwe siku nzima kabla ya kuwashwa. Na sisi siku nzima hatuna."

Akaisogeza hadi ukingoni mwa meza, akamwambia Saif aishike imara. Chini yake palikuwa na kizibo kidogo. Akakifungua, maji yakatiririka katika beseni. Yalitoka na vipande vyeupe kama maganda ya yai. Nekesa akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Maji haya ni ya wapi?"

"Ni maji matamu, ya mtungi," alisema Mwanaesha. "Nayanunua mwenyewe kwa ajili ya mashine. Baba watoto huijaza kila asubuhi kabla ya kwenda kazini."

Saif akakohoa. Akatazama dari.

"Baba watoto?"

"Mtungi ni mzito," akasema Saif. "Na kisima kipo hapo uani. Niliona maji ni maji, yote huganda."

"Maji ya kisima! Yenye chumvi! Na ukasema kaka yangu ndiye aliyedanganywa dukani!"

Bi Mishi akageuza uso dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nekesa aliomba birika la chai. Ndani yake mlikuwa na ukoko mweupe. "Mwaona? Maji ya kisima huacha ukoko kama huu. Katika birika si neno. Lakini pampu ya mashine hii ina njia nyembamba kama unyasi. Ukoko umeiziba. Maji hayapandi, basi mashine hudhani tangi ni tupu. Taa hiyo haikusema uongo. Ilisema ilichokijua."

Wakachanganya kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe vitatu vya maji safi. Wakakifunga kizibo, wakayatia tangini, wakaacha nusu saa. Saif mwenyewe aliusugua ukoko kwa mswaki mpya. Nekesa akaiwasha mashine kwa muda mfupi ili siki ipite katika pampu. Wakamwaga, wakasuuza kwa maji matamu mara tatu, hadi harufu ya siki ikaisha.

"Na ikikataa bado?" Saif akauliza. Sasa alikuwa amekunja mikono ya shati na hakutaka kuondoka.

"Kama feni inavuma, maji yanapanda, na bado hayagandi, huenda gesi imepungua. Hapo usifungue kitu. Mabomba ya gesi ni ya fundi aliyesomea."

Wakatia maji matamu, wakaiwasha. Wanne wote wakasimama wakisubiri. Maji yakapanda. Taa nyekundu haikuwaka. Baada ya dakika kumi kikasikika kishindo kidogo kikapuni.

"Imezaa!" akapiga kelele Bi Mishi.

Vipande vilikuwa vidogo. Nekesa akavitupa, maana vya mwanzo baada ya kuosha haviliwi. Vya mara ya pili akavitupa pia. Vya mara ya tatu vilikuwa vinene na safi. Mwanaesha alitia kimoja mkononi, akakishika hadi kikayeyuka.

"Jambo moja, dada," Nekesa akasema. "Mashine hii hutengeneza barafu, haiihifadhi. Kikapu kikijaa, itie katika mifuko safi, uipeleke katika friza ya jirani. Ukianza sasa na kuendelea kesho siku nzima, Jumamosi hutahangaika."

Ijumaa saa kumi, Kazungu alifika na mkokoteni. Alimkuta Saif mlangoni, amesimama wima kama askari.

"Bwana Saif, mzigo u wapi?"

"Umepona."

"Yakhe, nimeusukuma mkokoteni huu kutoka Mwembe Tayari! Neno lako liko wapi?"

Saif akainamisha kichwa. Ni kweli alikuwa ametoa neno. Mwanaesha akatokea na bilauri ya ukwaju iliyojaa barafu. Kazungu akanywa, akafumba macho.

Bi Mishi akaita kutoka ndani, "Kazungu, hurudi mikono mitupu! Pita uani uichukue baiskeli ya huyu mwanangu. Mwaka wa sita huu asema ataitengeneza."

"Mama!"

"Si ulimpa mwenzio neno la chuma kikuukuu? Basi litimize."

Kazungu aliondoka na baiskeli, huku akicheka hadi mwisho wa kichochoro.

Jumamosi, wageni mia moja walikunywa sharubati baridi, na iliyobaki ilirudi nyumbani na barafu yake. Wanawake wawili walimwomba Mwanaesha awahudumie katika shughuli zao. Kila jagi lilikuwa limefunikwa kitambaa cha buluu chenye shanga pembeni. Bi Mishi alikuwa ameikata ile nguo ya mashine na kuishona upya.

Mgeni mmoja akakishika kitambaa hicho, akakipapasa. "Bi Mishi, nifumie na mimi kimoja. Nataka kuivisha friji yangu."

Bi Mishi akaweka bilauri chini, akamtazama usoni.

"Nitakufumia, mwanangu. Lakini kwanza nikuulize: friji yako yapumulia wapi?"