Zamu Yako, Ndugu Yangu

Haya yalimfika rafiki yangu, mchimba visima. Yeye na mwenzake walikuwa chanda na pete: mwenzake akishuka kisimani, yeye hushika kamba juu. Mwenzake akichoka aliivuta mara tatu, maana yake, “Zamu yako, shuka.”

Homa ikamchukua mwenzake. Maneno yake ya mwisho: “Sikuachi, ndugu yangu.”

Baada ya maziko, jirani alimwita akasafishe kisima. Akateremsha ndoo tupu gizani, machozi yakimlenga. Ikagonga mawe, ngo, ngo, ikanyamaza.

“Vipi, kuna maji?” jirani akauliza.

Chini, mtu akakohoa kikohozi ambacho rafiki yangu alikijua. Kamba ikavutwa mara tatu, polepole.

“Bado, ndugu yangu,” akasema akilia.

Ikavutwa tena mara tatu, ikamchubua viganja.