Mkono wa Papa Hadassa

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: mkono uliopooza uliamka umelowa. Floribert alikuwa fundi umeme hadi kiharusi kilipomwangusha, kikamnyang'anya usemi na upande mzima wa kuume. Hakuwa amegusa maji. Tena ilikuwa Julai, kiangazi, mji mzima wa Likasi ni vumbi tupu, lakini chumba kilinuka mvua.

Delphine, mkewe, aliukausha mkono kwa kitenge akaenda kuwasha jiko. Mwenye kuuguza haulizi kila kitu; akiuliza kila kitu hatapata muda wa kupika.

Alasiri alikuja Mama Estelle, aliyejifunza kwa masista tiba ya kushika kichwa. Hakukanda wala hakuvuta. Aliweka viganja chini ya fuvu la mgonjwa, akafumba macho, akasikiliza kwa vidole jinsi kichwa kinavyopwita. Mara akafumbua macho.

“Mama Hadassa,” alinong'ona, “humu muko bantu babili, si mumoja.”

Delphine aliinamisha macho: ule mkono mfu ulikuwa umeushika wake, na ukucha ulikuwa ukikwaruza ukucha wa kidole gumba chake, polepole, huku harufu ya mvua ikizidi na kuwa harufu ya udongo mbichi, udongo wa kaburi lililojaa maji kabla jeneza dogo halijafika, na duniani kote alikuwako mtu mmoja tu, marehemu binti yake Hadassa, ambaye hakupata usingizi bila kumkwaruza mama yake ukucha.

“Ni mutoto wangu,” alisema. “Mumuache.”

“Amekala fasi ya baba yake. Papa hawezi kurudia kama mutoto iko mule. Na akitoka, atatoka na byake byote bya humu kichwani. Nakuambia mbele.”

Delphine alilia. Mwanawe alikuwa amerudi, na mumewe alikuwa akimtazama kwa jicho moja zima, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Aliye hai ndiye wa kwanza. Ndivyo alivyozoea kuwafariji wenzake kwenye kilio. Akauinamia ule mkono.

“Enda, mama,” alimwambia binti yake. “Muachie papa nyumba yake.”

Ukucha ulikwaruza tena, kidogo. Kisha vidole vikamwachia kimoja kimoja, vikakauka.

Asubuhi Floribert alishika kikombe mwenyewe. Majirani walijaa uani, wakiimba kumshukuru Mungu.

“Delphine,” aliita.

Chai ilimmwagikia Delphine. Tangu mtoto azaliwe, mumewe alimwita Mama Hadassa, kama mtaa mzima ulivyomwita, na hata baada ya maziko hakuna aliyethubutu kumvua jina hilo.

“Unasema nini, Papa Hadassa?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Floribert alicheka, mdomo bado umepinda kidogo. Halafu akainua mkono wake uliopona, akaonyesha picha iliyotundikwa juu ya televisheni.

“Ile photo,” alisema, “ni ya mutoto ya nani?”