Tanzia Mlangoni kwa Mama Penka

"Binti, huyu marehemu alikufa lini?"

Mwigizaji aliuliza hivyo jukwaani, kofia mkononi, macho kwenye tanzia yenye picha iliyobandikwa ukutani. Ukumbi wa utamaduni wa Dryanovo ulikuwa umejaa, watu themanini na ushee.

"Miaka kumi na mmoja sasa," alijibu mwigizaji wa kike, aliyecheza binti wa duka la kuchapa tanzia. "Alifia Hispania. Ni baba wa mchumba wangu."

"Basi nipe pole, binti. Huyo kwenye picha ni mimi."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikafifia chenyewe.

Zorka, safu ya nne, hakucheka. Mchezo ule aliuandika yeye. Kwenye ratiba hapakuwa na jina, ila maneno "mkazi wa mji huu". Hata Yavor, mchumba wake aliyekaa ubavuni pake, hakujua. Harusi yao ilibakiza wiki tatu.

"Huyu mwandishi ni hatari," Yavor alinong'ona akitabasamu. "Dakika kumi na tano tu, lakini ngoja uone atakavyotuvua nguo."

Ndivyo walivyopendana hawa wawili. Kila Jumamosi jioni Yavor, fundi madirisha, humleta pale kutazama michezo mifupi ya ndoa na familia. Wakitoka hubishana njia nzima: nani jukwaani amenyamazia nini.

"Usisikilize wanachosema, Zorka," alimfundisha. "Sikiliza wanachokwepa."

Simu ya Zorka ikatetemeka mapajani. Ujumbe ulitoka kwa Mama Penka, mama yake Yavor, aliyekaa safu tatu nyuma yao.

"Ni wewe. Nimejua. Nenda kausimamishe huo mchezo sasa hivi."

Zorka akailaza simu kifudifudi.

Jukwaani, taa ilihamia kwenye mlango wa nyumba. Mlangoni tanzia ile ile, ya kubandikwa upya kila mwaka, na chini yake mawaridi mawili, idadi ya wafu, maana walio hai hupewa moja, au matatu, au saba. Mawaridi yalikuwa ndani ya chupa ya jemu ya plamu, na karatasi ya jemu haikubanduliwa.

Tabasamu la Yavor likasimama.

Jukwaani, mama wa nyumba alimshika binti mkono.

"Ukimwambia mwanangu, harusi hakuna. Chagua."

"Lakini yu hai, mama. Amekuja dukani kwangu kuchapisha tanzia ya shangazi yake, akajiona ukutani."

"Kwangu alikufa siku aliyopanda basi na yule mwanamke."

Maneno hayo hayakutungwa. Zorka aliyasikia mwezi wa pili jikoni kwa Mama Penka. Tangu siku hiyo aliyabeba kama kaa la moto mdomoni.

"Zorka," Yavor alisema, bila kumtazama. "Ile chupa."

"Naam."

"Ni ya kwetu."

Yavor akamgeukia.

"Niambie huu ni mchezo tu."

Zorka akageuzia macho jukwaani.

"Zorka. Umenyamazia nini?"

"Baba yako yu hai, Yavor. Yuko mjini Plovdiv, anaoka mikate. Alikuja kwetu dukani kwa tanzia, na kwenye hati ya oda aliniandikia namba yake ya simu."

Taa zikawaka. Makofi yakalia. Yavor hakupiga, wala hakuinuka. Alikaa kama mtu aliyesahau miguu yake nyumbani.

Pale Dryanovo mchezo ukiisha watu hawatoki. Waigizaji hukaa ukingoni mwa jukwaa, na watazamaji husema yao.

"Haya, nani ana neno?" aliuliza mwigizaji wa kike.

"Mimi!" mzee mmoja alipaza sauti kutoka safu ya mbele. "Huyo mama ni nyoka! Mwanamke gani anamzika mtu mzima mzima?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mwandishi amekosea."

Sauti ilitoka nyuma. Mama Penka alikuwa amesimama, mkoba wake kifuani kama ngao.

"Amekosea wapi, mama?" mwigizaji aliuliza.

"Amemfanya mwanamke huyo abandike karatasi kwa chuki. Haikuwa chuki. Ilikuwa aibu." Akaukaza mkoba kifuani. "Mjini kwetu mjane huletewa sufuria ya maharage na pole. Aliyeachwa huletewa kicheko. Nilikuwa na mtoto wa miaka kumi na sita. Nikachagua maharage."

Mzee wa mbele akainamisha kichwa.

"Mama, kaa chini," Yavor alisema.

"Sikai. Nimekaa miaka kumi na mmoja." Akamgeukia Zorka. "Na wewe, binti, nilikwambia uchague."

"Nimechagua, Mama Penka," Zorka alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kusema kitu mbele ya watu wengi vile. "Sikuweza kuvaa shela na uongo kwa siku moja."

Yavor akatoka nje. Zorka alimkuta kwenye ngazi, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

"Huu ni wa tano! Tumeonja keki, tumepima pete, unaniangalia usoni unacheka!"

"Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa umerudi kubadilisha maua mlangoni. Mara ya pili niliogopa tu."

"Ukaona bora nijue pamoja na watu themanini?"

"Niliona bora ujue kwenye kiti unachokipenda, nikiwa pembeni yako. Mdomo ulinishinda, Yavor. Kalamu haikunishinda."

"Mimi si mtazamaji wako, Zorka! Ni mchumba wako!"

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Nilikosea," alisema.

"Ulikosea." Akashuka ngazi mbili, akasimama. "Hiyo harusi, sijui. Usinipigie."

Zorka hakupiga. Siku ya kwanza alichapa tanzia nne dukani, mbili akakosea majina. Siku ya pili alimtumia Yavor namba ya Plovdiv, bila neno jingine. Alama ikaonyesha imesomwa. Siku ya tatu fundi wa shela alimuuliza kama apunguze kiuno. Zorka akamwambia asubiri kwanza, akaenda kulia chooni.

Siku ya nne, saa sita mchana, simu ikatetemeka.

"Njoo nyumbani. Leta kile kisu cha dukani cha kukwangulia gundi."

Alikwenda mbio na kisu kwenye mfuko wa koti.

Mlangoni alimkuta Yavor na ndoo ya maji ya moto, na Mama Penka amepiga magoti akisugua kwa tambara. Tanzia zilikuwa zimebandikwa moja juu ya nyingine, mwaka juu ya mwaka. Hazikutaka kubanduka.

"Umechelewa," Mama Penka alisema bila kuinua uso. "Gundi yenu ya dukani ni ya shetani."

Zorka akapiga magoti, akaanza kukwangua. Mwaka wa kumi na mmoja ukadondoka, wa kumi, wa tisa. Kila ukidondoka, chini yake alitokea mwanamume yule yule, nywele nyeusi, shati lile lile.

Yavor akaokota kipande chenye uso, akakitazama sana.

"Amezeekaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Baba. Hapa hazeeki. Wewe umemwona. Amezeekaje?"

Zorka akaweka kisu chini.

"Kichwa chote mvi. Masikio yamekuwa makubwa. Na akiona haya anajikuna shingo, kama unavyofanya sasa."

Mkono wa Yavor ukasimama shingoni. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Zorka akamshika, naye hakujitoa.

"Jana nilimpigia," Yavor alisema, uso begani kwake. "Tulisikilizana tu tunavyopumua. Zorka, ukiwa na jambo, nipe kavukavu. Hata ukigugumiza. Nitasubiri."

"Nitakupa."

"Na mimi?" Mama Penka aliuliza kutoka sakafuni. "Ule mchezo wako umenipa mistari michache mno. Mtu kama mimi ana mengi ya kusema."

"Nitakuongezea, mama."

"Uniongezee. Na yule mwigizaji avae vizuri, mimi sivai sketi kama ile."

Siku ya harusi mlango ulikuwa mweupe, umepakwa rangi upya. Mama Penka alisimama mbele yake na mkate na asali, tayari kuwalisha maharusi. Ndipo mwanamume mwenye mvi akafika getini, kofia na mawaridi mkononi, akajikuna shingo. Wageni wakageuka. Waliokuja miaka ile na sufuria za maharage walikuwepo wote.

Mama Penka hakumtazama usoni. Alitazama mawaridi ya mgeni yule, akayahesabu kwa kidole, moja moja, bila haraka, na geti zima likahesabu naye.

"Saba," alisema. "Haya, ingia, Stamen. Kiti chako kiko nyuma."