Hodi Kutoka Chumbani

Mkia ule haukuwa wa paka wake. Bi Husna alikuwa na paka watatu, na wote watatu aliwaona pale pale jikoni: Doa juu ya gunia la mkaa, Kijivu kizingitini, na lile dume zee, Shombe, limejikunja miguuni pake. Sasa mkia huu wa nne, mweusi, mwembamba, unaochezacheza chini ya kabati la vyombo, ulikuwa wa nani?

Ingekuwa siku nyingine angecheka. Leo alikuwa na hasira. Tangu alfajiri alikuwa ameketi peke yake, ukungu wa Malindi, hii ya milima ya Lushoto, umeshuka hadi madirishani, anamfumia sweta mjukuu ambaye hajamtia machoni. Sabra, mwanawe wa pekee, alijifungulia ukweni kule Mlalo, na wakwe wasimwambie mpaka siku ya saba, mtoto ameshanyolewa na jina ameshapewa. Alipopiga simu kusema kwamba anakwenda kumwangalia mzazi, mama mkwe wa Sabra akamjibu, "Usijisumbue. Huku wanawake tupo wa kutosha."

"Wa kutosha!" alisema Bi Husna kwa sauti, akichoma sindano kwenye uzi kama anayemchoma mtu.

Hapo ndipo kile kipaka cheusi kilipochomoka chini ya kabati, kikaurukia uzi, kikauvuta na kukimbia nao. Mkono wa sweta, kazi ya siku mbili, ukafumuka mbele ya macho yake.

Hakufikiri. Alishika sufuria ya maji ya chai yaliyokuwa yakitokota jikoni, akakimwagia yote.

Hakusema bismillahi. Watu wa kwao hawamwagi maji ya moto hata uani bila kumtaja Mungu, maana hujui nani amekaa hapo, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Sabra hivyo. Kipaka kililia. Hakikulia kama paka. Kililia kama mtoto mchanga, kikajikokota mpaka chumbani, na sauti ikakatika.

Paka wake watatu wakainuka. Hawakukimbia. Walitoka mmoja mmoja, wakaketi uani kwenye umande, wakiutazama mlango.

Ikaja harufu ya nywele mbichi zilizoungua, na ndani ya harufu hiyo, nyingine iliyomsisimua mwili zaidi: maziwa ya mama anayenyonyesha.

"Hodi," sauti ya kike ikasema, kwa adabu, kutoka chumbani.

Chumba kile hakikuwa na mlango wa nje. Dirisha lake lilikuwa limepigiliwa misumari tangu masika.

"Nani?" Bi Husna alinong'ona.

"Mzazi mwenzio. Mwanangu alikuja kuota moto. Umembabua mgongo."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Simu ikalia mezani. Alikuwa Sabra, na alikuwa akilia. "Shikamoo mama. Mama, mtoto amepiga kelele ghafla, nimemfunua, mgongo mzima una malengelenge! Hakuna aliyemgusa, mama, wallahi nilikuwa nimempakata mwenyewe!"

Bi Husna akaiweka simu chini bila kuikata. Hofu aliyokuwa nayo ikageuka kuwa hasira, akaenda mpaka kwenye pazia la chumba akiwa bado ameshika sindano zake mbili.

"Maji nimemwaga mimi!" akafoka. "Mkono huu hapa! Mtoto wa watu kakukosea nini? Njoo uniunguze mimi!"

"Wewe hukuniunguza mimi," ikajibu ile sauti, na sasa adabu ilikuwa imeisha. "Umeniunguzia mwanangu."

Pazia likavimba taratibu, kana kwamba mtu mrefu kupita kimo cha mlango ameinama nyuma yake.

Bi Husna alitoka mbio akimwita Mwalimu Jafari, jirani aliyekuwa akipalilia kabichi bondeni, mwalimu wa madrasa ambaye kutoka Mtae hadi Lushoto mjini hakuna asiyemjua kwa kutoa majini. Alipanda na mabuti yake ya matope, akasikiliza maneno mawili tu, akachota makaa jikoni na kutia ubani.

"Usiseme nalo," alimwonya kwa sauti ya chini. "Chochote litakachosema, usijibu."

Akasimama mbele ya pazia, akaanza kusoma. Kuta zikaanza kutoa mlio kama wa meno yanayosagana, vikombe vikagongana kabatini, moshi wa ubani ukakataa kuingia chumbani ukawarudia wao machoni, na kila Mwalimu alipopandisha sauti yake, ile nyingine nayo ilipanda, ikitukana, ikiapa, ikimtaja Sabra na mtoto wake kwa majina, hadi ghafla ikavunjika, ikawa sauti ya mwanamke anayesukumwa nje ya nyumba na watu waliomzidi nguvu.

"Ngojeni!" ikasema. "Nakwenda! Ngojeni kwanza, mwanangu bado..."

"Toka!" akanguruma Mwalimu.

"Toka!" akapiga kelele Bi Husna, kwa hasira yake yote, ya wakwe na ya sweta na ya mjukuu. "Toka kwangu!"

Dirisha likang'oka na misumari yake. Kisha kimya.

Aliiokota simu. "Amenyamaza, mama," Sabra alikuwa akisema. "Ananyonya. Mgongo umerudi kama ulivyokuwa, sielewi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Husna, akaketi sakafuni, akalia.

Mwalimu Jafari alijifuta jasho. Alikuwa akiomba maji ya kunywa wakati sauti nyembamba, dhaifu, iliposikika chumbani. Aliinama, akamulika chini ya kitanda kwa simu yake, na alipoinuka uso ulikuwa umemshuka.

"Mama Sabra. Huyu mdogo bado yupo."

"Basi mtoe naye."

"Simwezi. Ni mchanga, hajui dua wala amri. Huyu hutolewa na mama yake tu."

"Mwite mama yake."

Mwalimu alitazama mabuti yake. "Nimemfunga. Hataweza kuingia nyumba hii mpaka kiama."

Bi Husna alijifuta machozi kwa kanga.

"Alisema ngojeni," alisema Bi Husna.

"Nilisikia."

"Ukasikia, ukaendelea kusoma?"

"Na wewe ulipiga kelele, Mama Sabra."

Kitu kile kikatoka chini ya kitanda polepole, kikivuta mgongo uliobabuka, kikampita Mwalimu bila kumtazama, kikaja mpaka kwenye pindo la kanga ya Bi Husna, kikatafuta joto. Na nje, kwenye ukungu, mtu alianza kuuzunguka ukuta wa nyumba, akiukwaruza kwa kucha kuanzia pembe hadi pembe, akitafuta mahali pa kuingilia.